Kuuliza ni Bure, Kukata ni Ghali: Miti ya Nyumbani England

Anayenunua nyumba England huinunua pamoja na miti iliyomo uani. Majani yakiziba mfereji wa paa, atayazoa yeye. Tawi bovu likiangukia gari la jirani, atafuatwa yeye. Mizizi ikiinua vigae vya baraza, gharama ni zake. Mzigo wote wa mti ni wake, isipokuwa jambo moja ambalo huenda lisiwe mikononi mwake: kuukata siku atakayouchoka.

Hapo ndipo wenzetu wengi waliohamia huku hujikwaa. Tumekulia mahali ambapo mwembe ukizidi kivuli huitwa kijana mwenye shoka, na kabla ya magharibi umekwisha kuwa kuni. Hata hivyo, mti wenye mwenyewe na bado ukalindwa na serikali si jambo geni kwetu. Mzanzibari anajua kwamba mkarafuu haukatwi bila ruhusa, hata ukiwa ndani ya shamba la baba yake. Nairobi nako, mwaka 2020, mugumo wa Waiyaki Way uliokuwa ung'olewe kupisha barabara ya juu uliokolewa kwa amri ya rais baada ya wananchi kupiga kelele. England ulinzi wa namna hiyo unafika mpaka kwenye kijibustani cha nyumba ya vyumba viwili, na jirani anayesikia msumeno hasiti kupiga simu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote ni maelezo yake: uliza kwanza, tena kwa maandishi. Kuiuliza kaunsili kama mti wako umehifadhiwa ni kazi ya barua pepe moja, na maombi rasmi ya kibali hayana ada. Kuangusha mti uliohifadhiwa bila kibali ni kosa la jinai, na tangu mwaka 2015 hata mahakama ya hakimu wa kawaida inaweza kutoza faini isiyo na ukomo.

Ninayoyaeleza ni ya England. Wales inafanana nayo kwa mengi ila ina kanuni zake, na Scotland na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao. Ukiishi huko, fuata njia ileile ya kuuliza, lakini usichukue tarehe na vipimo vya hapa.

Maswali mawili ya kwanza

Swali la kwanza: je, mti wako una amri ya kuhifadhiwa, ile ambayo kila mtu humu nchini huiita TPO? Sheria mama ni ya Mipango Miji na Vijiji ya mwaka 1990, na kanuni zake ni za mwaka 2012. Kaunsili inaweza kutoa TPO kwa mti mmoja, kwa kundi la miti, au kwa msitu mzima, bila kujali ni mti wa aina gani wala ni mnene kiasi gani. Amri ikishatolewa, huruhusiwi kuukata mti huo, kuupogoa, kuung'oa, kukata mizizi yake wala kuudhuru kwa makusudi. Anayetoboa shina usiku na kutia sumu ana kosa sawa na aliyeshika msumeno mchana.

Swali la pili: je, nyumba yako imo ndani ya eneo la hifadhi? Haya ni maeneo ambayo kaunsili imeona sura yake ya kale ina thamani: mitaa ya nyumba za enzi ya Malkia Victoria, vijiji, viwanja vya zamani vya mjini. Humo, hata mti usio na TPO yake mwenyewe una kinga. Huombi kibali, ila unatoa taarifa wiki sita kabla ya kazi. Katika wiki hizo kaunsili ina njia mbili tu: kukuacha uendelee, au kuutolea mti huo TPO. Wiki sita zikipita kimya, unaweza kufanya kazi uliyoitaja, mradi uifanye ndani ya miaka miwili tangu siku ya taarifa.

Kama jibu la maswali yote mawili ni hapana, mti wa bustanini kwa kawaida unaweza kuukata bila kibali. Lakini hakikisha mambo mawili zaidi. Nyumba yako ikiwa mpya, soma masharti ya kibali cha ujenzi wake, kwa sababu mara nyingi mjenzi hutakiwa kuiacha miti fulani au kupanda mingine na kuitunza kwa miaka kadhaa. Na kama una kipande cha ardhi nje ya bustani, tuseme shamba dogo au kichaka nyuma ya nyumba, huko inaingia Tume ya Misitu: ukitaka kukata zaidi ya mita 5 za ujazo katika robo moja ya mwaka, unahitaji leseni. Bustani ya nyumba imesamehewa leseni hiyo, lakini haikusamehewa TPO.

Namna ya kujua

Kaunsili nyingi zina ramani mtandaoni inayoonyesha TPO na maeneo ya hifadhi. Unaandika posta kodi yako na alama zinajitokeza. Itazame, lakini usiishie hapo. Ramani inaweza kuchelewa kuonyesha mabadiliko, na alama ya mti huenda imewekwa mita kadhaa kutoka mti wenyewe ulipo. Mwandikie afisa miti wa kaunsili. Mtajie anwani, aina ya mti kama unaijua, mahali ulipo uani, na uambatanishe picha. Akikujibu, litunze jibu lake. Siku jirani atakapolalamika, barua pepe yenye tarehe itakusemea vizuri kuliko kumbukumbu ya simu.

Jua pia kwamba TPO inaweza kuzaliwa leo. Kaunsili ikihisi mti mzuri uko hatarini inaweza kutoa amri inayoanza kufanya kazi mara moja kwa muda wa miezi sita, huku ikisikiliza pingamizi kabla ya kuithibitisha. Jibu la mwaka juzi kwamba mti hauna TPO si jibu la leo.

Pima shina

Katika eneo la hifadhi, taarifa ya wiki sita inahusu miti yenye shina la kipenyo cha zaidi ya milimita 75, likipimwa kwenye urefu wa mita 1.5 kutoka ardhini. Watu wengi hukisia kwa jicho na kukosea, maana kipenyo cha shina hakionekani mpaka ulipasue. Chukua futi ya cherehani. Simama kando ya mti, pima mita 1.5 kutoka ardhini na utie alama ya chaki. Kwa mtu wa kimo cha kawaida ni karibu na bega. Kisha zungusha futi kwenye alama. Mzunguko ukifika sentimita 23 na nusu hivi, umeshagusa kipenyo cha milimita 75. Shina hilo ni jembamba kuliko wengi wanavyodhani: viganja viwili vya mtu mzima vinatosha kulizunguka. Mtofaa wa miaka michache unaweza kuwa umekwisha vuka kiwango.

Fomu iliyojazwa vizuri

Maombi ya kibali cha TPO hupelekwa kaunsili kwa fomu maalumu, na njia rahisi ni kupitia tovuti ya taifa ya maombi ya ujenzi. Kaunsili hutakiwa kuamua ndani ya wiki nane. Kinachorudisha maombi mengi nyuma ni maelezo mafupi mno. Mwombaji anaandika: "Naomba kuupunguza mti wa nyuma, umekuwa mkubwa." Afisa hajui ni mti upi, upunguzwe kiasi gani, wala kwa nini. Fomu hujazwa kwa Kiingereza, lakini ujumbe wake uwe hivi:

"T1: mwaloni, ua wa nyuma, mita 4 kutoka uzio wa kaskazini. Kupogoa matawi yanayoelekea nyumba kwa mita 2, ili yabaki mita 2 mbali na paa. Sababu: yanagonga vigae wakati wa upepo. Picha zimeambatanishwa."

Chora pia ramani ya ua kwa mkono, uonyeshe nyumba, barabara na kila mti kwa namba yake. Haihitaji kuwa nzuri, inahitaji kueleweka. Kama sababu yako ni ugonjwa au mti kuoza, ambatanisha maandishi ya mtaalamu wa miti. Kama unasema mizizi inatikisa nyumba, kaunsili itataka ripoti ya mhandisi pamoja na vipimo vya udongo, na bila hivyo huenda maombi yasipokelewe kabisa.

Chagua sababu kwa busara. Majani kuanguka, kinyesi cha ndege juu ya gari, utomvu, kivuli cha jioni au dishi kushindwa kushika chaneli za nyumbani ni kero za kweli, lakini mara nyingi hazitoshi kuuangusha mti mzima wenye afya. Kero ya namna hiyo ipelekee ombi dogo: kupunguza matawi ya ndani ili mwanga upite, au kunyanyua matawi ya chini. Anayeomba kupogoa hupata haraka kuliko anayeomba kung'oa.

Ukikataliwa, una siku 28 za kukata rufaa kwa wakaguzi wa mipango wa serikali kuu, na rufaa hiyo pia haina ada. Ila kabla ya kukimbilia huko, mpigie afisa umuulize angekubali nini. Mara nyingi kuna njia ya katikati ambayo barua ya kukataa haikuitaja.

Mti ukiwa hatari

Sheria haikulazimishi kungoja wiki nane mti ukiwa umekaa vibaya juu ya chumba cha watoto. Mti uliokufa, au unaoleta hatari ya papo hapo, hauhitaji kibali. Lakini msamaha huo una mipaka. Kwa mti uliokufa unatakiwa kuiarifu kaunsili kwa maandishi siku tano za kazi kabla. Kwa hatari ya papo hapo unaweza kuanza mara moja, ila unaondoa kile tu kinachohatarisha: likivunjika tawi moja, linakatwa tawi hilo, si mti mzima. Kisha unaiarifu kaunsili mapema iwezekanavyo.

Jukumu la kuthibitisha ni lako. Piga picha kabla ya kukata, wakati wa kukata na baada ya kukata, na utunze kipande cha mti kilichooza mpaka afisa akione au aseme hakihitaji. Na mti uliohifadhiwa ukishaondolewa kwa sababu hizo, mwenye ardhi hutakiwa kupanda mwingine mahali palepale, wa aina na ukubwa unaofaa.

Udongo wa mfinyanzi na nyumba zinazotitia

Hili nalipa nafasi kwa sababu lina hasara kubwa kuliko faini. Sehemu kubwa ya London na kusini-mashariki mwa England imekaa juu ya udongo wa mfinyanzi. Udongo huu hunywea ukikauka na kuvimba ukilowa. Mti mkubwa ulio karibu na nyumba hunyonya maji ya ardhini wakati wa kiangazi, udongo unasinyaa, na msingi mfupi wa nyumba ya zamani unatitia. Ukame wa mwaka 1976 uliacha nyuma yake nyufa nyingi, na tangu wakati huo kampuni za bima huku huangalia miti kwa jicho kali.

Mwenye nyumba akiona ufa juu ya dirisha, wazo la kwanza ni kuuondoa mti. Subiri. Kama mti ulikuwepo kabla ya nyumba, au umekaa hapo miaka mingi, udongo umekwisha zoea kunyonywa. Ukiukata kwa mkupuo, maji yanarudi ardhini, udongo unavimba na kuuinua msingi. Nyumba iliyokuwa ikishuka inaanza kupanda, na nyufa mpya zinatokea upande mwingine. Kwa hiyo ukiona ufa unaopanuka, mtu wa kwanza kumpigia ni kampuni yako ya bima. Itamtuma mkaguzi, atapima ufa kwa miezi kadhaa, na ushahidi huohuo ndio utakaoupeleka kaunsili. Ukikata mti kabla ya bima kuuona, unaweza kupoteza kibali na fidia kwa pamoja.

Mabomba ya maji machafu nayo husingiziwa sana. Mizizi kwa kawaida huingia kwenye bomba ambalo limekwisha pasuka na kuvuja. Kukarabati bomba mara nyingi ni bei nafuu kuliko kung'oa mti, na hakuhitaji kibali cha miti mradi huigusi mizizi ya mti wenye TPO.

Mti wa jirani na mti wa barabarani

Mti ni wa yule ambaye shina limeota kwake, hata kama nusu ya matawi iko upande wako. Matawi yaliyovuka mpaka unaweza kuyakata mpaka kwenye mstari wa mpaka, bila kuingia kwa jirani. Haki hiyo ilithibitishwa na Baraza la Malodi katika kesi ya Lemmon dhidi ya Webb, mwishoni mwa karne ya 19. Lakini matawi hayo na matunda yake bado ni mali ya jirani. Usiyatupe upande wake kwa hasira, na usile matofaa yake ukidhani yamekuangukia. Muulize anayataka au uyatupe wewe.

Haki hii haizidi TPO wala eneo la hifadhi. Mti wa jirani ukiwa umehifadhiwa, hata tawi linalogusa kamba yako ya nguo linahitaji kibali au taarifa, na mwombaji unaweza kuwa wewe ingawa mti si wako. Njia ya amani, hata hivyo, ni kugonga mlango kwanza. Jirani aliyehusishwa mapema huwa shahidi wako. Aliyeamshwa na msumeno Jumamosi asubuhi huwa shahidi dhidi yako.

Kwa ua mrefu wa miti isiyopukutika majani, kama leylandii, kuna sheria nyingine ya mwaka 2003. Ukizidi mita 2 na kukunyima mwanga, unaweza kulalamika kaunsili baada ya kujaribu kupatana na mwenyewe. Hapa kaunsili nyingi hutoza ada, kwa hiyo jaribu kikombe cha chai kabla ya fomu.

Mti ulio nje ya lango, kwenye njia ya waendao kwa miguu, kwa kawaida si wako wala wa jirani. Ni wa mamlaka ya barabara. Usiuguse, piga simu.

Ndege, popo na fundi wa mlangoni

Kibali cha kaunsili hakiondoi sheria za wanyama. Ni kosa kuharibu kwa makusudi kiota kinachotumiwa, na msimu wa viota ni takriban Machi hadi Agosti. Popo wanalindwa mwaka mzima, pamoja na mashimo wanayolala. Panga kazi kubwa kati ya vuli na mwisho wa majira ya baridi, na kabla ya siku yenyewe mwambie fundi akague mashimo na nyufa za shina.

Fundi huyo usimchukue kwa sababu tu amegonga mlango akiwa na gari lenye kreni na bei ya leo tu. Sheria haimshiki aliyekata peke yake. Inamshika na aliyesababisha au kuruhusu. Fundi atakuwa ameondoka, nawe ndiye mwenye anwani. Muombe bima ya madhara kwa watu wengine, vyeti vya kutumia msumeno wa injini, na bei kwa maandishi inayosema kazi itafuata kiwango cha BS 3998. Chama cha wataalamu wa miti cha nchi hii kina orodha ya makampuni kiliyoyakagua. Fundi mzuri atakuuliza habari za TPO kabla hujamuuliza wewe, na wengi hukubali kukujazia fomu.

Kama wewe ni mpangaji, usiguse kitu. Mwandikie mwenye nyumba au wakala, umweleze tatizo kwa picha, na umwachie yeye kuomba. Ukiwa na fleti ya mkataba wa miaka mingi, soma mkataba: bustani ya pamoja huwa ni ya mmiliki wa jengo.

Tunza makaratasi

Siku utakapoiuza nyumba, wakili wa mnunuzi atapekua rekodi za kaunsili, na TPO itajitokeza humo. Wewe nawe utajaza fomu ya taarifa za nyumba inayouliza waziwazi kama kuna miti yenye TPO na kama masharti yake yamefuatwa. Ukiwa na kibali, barua za afisa, picha na risiti ya fundi, swali hilo linajibiwa kwa dakika moja. Usipokuwa navyo, mnunuzi ataogopa au atashusha bei, na ana sababu: wajibu wa kupanda mti badala ya ule uliokatwa hauishii kwa aliyekata, bali humfuata kila anayemiliki ardhi hiyo. Kwa hiyo nawe, ukiwa bado unatafuta nyumba ya kununua na ukaona kisiki kipya uani, muulize muuzaji kibali chake kiko wapi kabla hujatia saini.